Sanamu ya Fundi wa Tovuti

Tarehe 31 Desemba, mji wa Montecristi uliamka na manyunyu.

Kila mlango ulikuwa na sanamu ya kupigwa na kuchomwa mwaka ukiisha. Ya Zoraida, msusi wa kofia, ilikuwa na sura ya fundi aliyeivuruga tovuti ya duka lake kisha akazima simu. Tangu hapo hakuna mteja wa mbali aliyeagiza kofia.

Zoraida alifanya ishara ya msalaba, akainua rungu. Kichwa cha sanamu kilipasuka, unga wa mbao ukamwagika.

"Pua umenizidishia, mama," mtu alicheka nyuma yake. Alikuwa fundi mwenyewe.

Rungu likaivunja pua ya fundi. Damu ikalowesha unga wa mbao.

"Majirani, mnisikie," Zoraida aliwaambia taratibu waliotoka milangoni. "Tovuti ikifunguka kabla ya usiku, nitaichoma sanamu. Isipofunguka, sanamu itapona, ila moto utawashwa vilevile."