Makofi

Wiki nzima Mama Shomari alikuwa akivipanga vitu mkekani kwa mpangilio aliodokezwa kwa siri na jirani, ambaye mwanawe alikuwa ameshapimwa usemaji chekechea: kuku wa udongo, kikombe, kiatu, ufunguo. Shomari akivitaja vyote, anapigiwa makofi. Mwanawe hakuwa bubu, na hakuna mkwe wala shemeji atakayepata la kusema.

Siku ya kupimwa pale chekechea, dada aliyekuja na kadi za picha akaziinua moja moja.

"Kuku," alisema Shomari. "Kikombe. Kiatu."

Kadi ya nne haijainuliwa bado, akasema, "Ufunguo."

Dada akacheka. "Huyu ana haraka tu, Mama Shomari. Mwalimu wa kuwafunza kusema tutawaachia wanaomhitaji."

Mama akawapita wazazi wengine barazani, shingo juu, wala hakuwaaga.

Jua lilikuwa kali. Walipofika kwenye bomba lililo karibu na lango, Shomari alisimama akamvuta mama yake kanga. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Unataka nini, baba?"

Akavuta tena.

"Sema, mwanangu. Sema unachotaka, nitakupa."

Shomari akamtazama mama usoni, akitafuta. Kisha akasema, polepole na kwa ufasaha, "Kuku. Kikombe. Kiatu. Ufunguo."

Mkono wa mama ulikuwa juu ya koki, haujaifungua. Mtoto alisimama mbele yake, akisubiri makofi.