Mkorosho wa Tatu

“Kabla ya chuo hiki, hapa palikuwa pori tupu,” mkuu wa chuo aliwaambia wanafunzi wapya waliojaa ukumbini.

Sihaba, mfagiaji, alikuwa mlangoni na ufagio wake. Maneno hayo aliyasikia kila mwaka tangu chuo kifunguliwe hapa Kibiti, na kila mwaka aliendelea kufagia kimya, akichelea kibarua chake kuota nyasi.

Safari hii macho yake yalikuwa nje. Mikorosho miwili ilibaki uani, imenyooka sawasawa na mlango wa ukumbi. Pori halijipangi hivyo. Ni baba yake aliyeipanda, kila mche hatua kumi na mbili kutoka kwa mwenzake, na Sihaba akimfuata nyuma na kibuyu cha maji.

Akaegemeza ufagio ukutani. Akaenda mpaka kwenye mkorosho wa pili, akaweka kisigino shinani, kisha akaanza kurudi akihesabu kwa sauti.

Hatua ya tatu ilimfikisha kizingitini. Hapo akavua kandambili, maana sakafu aliipiga deki mwenyewe, akaingia. Wanafunzi wakampisha. Mmoja alicheka, halafu akaacha.

“Bi Sihaba, kuna nini?” mkuu aliuliza, kipaza sauti kingali mkononi.

“Kumi. Kumi na moja.” Akasimama mbele yake, uso kwa uso. “Samahani, mkuu, naomba usogee kidogo. Wa tatu ulikuwa hapo uliposimama.”

Mkuu akatazama vigae chini ya viatu vyake. Akasogea.