Kikombe cha Pili

Mshonaji alikizungushia viganja kikombe cha pili. Bado kilikuwa na joto.

"Mmepishana hapo mlangoni," mama yake alisema kutoka kitandani, mguu wa plasta ukiwa juu ya mto. "Mwanamke mpole huyo! Sauti yake kama ya kubembelezea mtoto."

"Mama, si tumeshakwambia? Hiyo ndiyo kazi yao. Wanamtafuta mgonjwa, hana nguvu, hana la kufanya, wanamjia na chai na maneno matamu. Ukija kushtuka, umeshageuzwa dini!"

"Mpaka sasa nimegeuzwa ubavu tu, mwanangu. Na aliyenigeuza ni nesi."

Mambo yalianza kwa simu. Mama alimpigia mshonaji, akamuuliza taratibu kama ni dhambi kubwa mtu kuiacha dini ya wazazi wake uzeeni. Mshonaji akaliacha gauni la bibi harusi kwenye cherehani, mkono mmoja haujashonwa, akakimbilia hospitali. Kaka yake, kinyozi, alifika baadaye, kitambaa cha kunyolea kikiwa begani. Alikuwa amepotea kwanza akaingia wodi ya wanaume. Hakujua mama yao amelazwa ghorofa gani.

"Baba angefufuka leo," kinyozi alisema akihema, "angetuuliza tulikuwa wapi."

Wakagawana zamu papo hapo. Asubuhi alikuja mshonaji na uji, akamsuka mama nywele. Mchana kinyozi alileta supu na umbea wote wa kibandani kwake. Jioni mkewe aliwaleta wajukuu, nao wakachora maua kwenye plasta mpaka ikakosa nafasi.

"Aliyeshiba kwao hadanganyiki na chai ya watu," kinyozi alijigamba.

Mama alikula. Mashavu yakamrudi. Lakini walipochelewa kidogo tu, walikuta kiti kimesogezwa kitandani, kikombe cha pili juu ya kabati, na mama akiimba kwa sauti ya chini wimbo wasioujua.

Siku moja mshonaji alimbana nesi. "Hivi mnawaruhusuje watu hawa kuwaingilia wagonjwa? Huyo mwanamke anapitia wapi?"

Nesi aliinama, akanyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja. "Mimi ni wa dawa, dada. Mambo ya roho yananishinda."

Basi wakaacha kuchelewa.

Uji ulipobaki, mshonaji alimmiminia bibi wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akishinda amejifunika shuka hadi kidevuni, macho kwenye lango la hospitali. Huyo hakuwahi kuonekana na mgeni.

"Ana watoto?" mshonaji alinong'ona.

"Anao, tena wazuri," mama alijibu. "Kazi tu, mwanangu. Siku hizi kazi ni nyingi."

Siku ya kuruhusiwa, kinyozi alikuja na kiti cha magurudumu, kifua mbele kama aliyeshinda ndondi. "Tumemweza! Yule mhubiri ameondoka mikono mitupu!"

"Na utakaa kwangu, Mama," mshonaji alisema, akifunga kanga za mama yake kwenye furushi kubwa la nguo. "Chumba kiko karibu na cherehani. Nione atakayekuhubiria hapo!"

"Mmeamua nyinyi," mama alisema kwa unyonge. "Tangulieni na mizigo. Nimuage mwenzangu."

Walipotoka, mama alijisukuma hadi dirishani. Akaweka kikombe cha pili juu ya kabati la jirani yake, kisha akakivuta kiti cha wageni karibu na kitanda chake.

"Simu yako ina chaji?"

Bibi alitikisa kichwa kukubali.

"Anza kwa upole. Uliza tu kama ni dhambi." Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Na chai, mwambie nesi aimimine ukishawaona langoni. Ikipoa hawaamini."