Samaki Waliojua Mvua

Mihayo hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mke, wala kaburi la mke la kupalilia. Kwa mwaka mzima hakuwa na samaki pia, na hilo ndilo alilolisema kwa watu, maana tangi la kioo alikuwa nalo tayari, mchanga laini alikuwa nao, na maji alikwisha yatuliza ndooni mpaka harufu ya dawa ikaisha.

Aliwatafuta kwanza huko Nassa, kando ya ziwa. Wavuvi wakamwonyesha furu, dagaa, hata mtoto wa kamongo.

"Mzee, samaki gani huyo unayemtaka na haliwi?" mmoja akamuuliza.

"Mwembamba kama kalamu, ana sharubu kumi. Hukaa chini mchangani. Mvua ikikaribia hupanda juu na kuhangaika."

"Huyo si samaki, mzee. Huyo ni mganga!"

Wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Aliyemweleza habari za samaki hao ni Tumsifu, bibi shamba aliyehamishiwa Bariadi kutoka Moshi. Alimwambia kwamba huko Asia wapo wakulima wa mpunga wanaowatazama kabla ya kutazama mawingu. Ndiye pia aliyempa namba ya duka la samaki wa mapambo, Mwanza. Samaki walifika kwa basi, sita, ndani ya mfuko wa nailoni uliotuna hewa.

Mihayo aliwalea kwa nidhamu. Hakuweka kokoto, zisije zikawachubua sharubu. Alifunika tangi kwa wavu, kwa kuwa huruka. Hakumtenga hata mmoja, kwani akiwa peke yake hujificha, akaacha kula, akafa. Umeme ulipokatika, aliunga pampu kwenye betri ya pikipiki. Tangi lilikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na mgeni hakuingia huko, maana kishindo cha mguu huwashtua na kumdanganya anayewatazama.

Alitaka kitu kimoja tu: siku moja Ndaki amwamini.

Ndaki alikuwa kaka yake mkubwa, mkuu wa familia huko Migato. Baba yao alipofariki, ng'ombe wote waliingia zizini kwa Ndaki, pamoja na wale wa kumalizia mahari ya Felisita, mke wa Mihayo. "Baada ya mavuno," Ndaki alisema kila mwaka. Felisita alipofariki, ndugu zake walikuja na gari wakamchukua, kwa sababu mke asiyemaliziwa mahari huzikwa kwao. Siku jeneza linapakiwa, ng'ombe walikuwa zizini, wakicheua.

Mihayo hakulitaja jambo hilo tena. Samaki walipopanda juu kwa mara ya kwanza, alimpigia kaka yake simu: panda. Ndaki alicheka, hakupanda, na mvua ikaja. Msimu uliofuata alipanda siku ileile aliyoambiwa, na pamba yake ikawa gumzo Itilima nzima.

Mwaka huu ilinyesha mvua moja, kisha ikakata. Ndipo Martha, mke wa Ndaki, alipofika Bariadi kwa bodaboda, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Mwangaluka, shemeji!"

"Mwangaluka, Martha. Kaa. Nikupe maji?"

"Ya kunywa, siyo ya hao minyoo wako." Akacheka. "Nasikia wamepewa chumba. Wewe siku hizi unalala na kuku?"

"Kuku wana kelele. Kaka hajambo?"

"Hajambo, ila usingizi hana. Ameuza ng'ombe, amekodi trekta, amelima mpaka malisho. Na mbegu ni hizo tulizo nazo, nyingine hakuna. Tukipanda na mvua isirudi, zinaungua ardhini. Tukichelewa, msimu unatupita."

"Anataka kupanda zote?"

"Zote. Anakuamini kuliko redio."

Mihayo alimletea maji.

"Si angepiga simu."

"Hataki simu. Anataka barua yenye sahihi yako, aisome mbele ya ukoo. Si unamjua kaka yako? Mambo yakiharibika, lawama isimguse." Martha akanywa maji, akafuta mdomo kwa kiganja. "Ila Felisita angekuwepo, minyoo hao angekuwa ameshawakaanga."

"Angekuwepo," alisema Mihayo, akasimama.

Alivua viatu, akapita nyuma ya pazia. Alikaa huko kitambo. Martha alisikia pampu ikikoroma, basi.

Alipotoka aliketi mezani, akaandika kwa mwandiko mzuri alioupata shule ya jioni, kisha akamsomea:

"Kaka mpendwa, mvua ipo njiani. Pandeni zote kesho, msibakize hata kikombe. Ni mimi mdogo wako." Chini yake akatia sahihi, majina yake yote matatu.

Martha alipiga goti, machozi yakimlengalenga. "Mungu akuzidishie, shemeji. Umetuokoa."

Mihayo alilamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Martha akaifunga kwenye pindo la khanga, dereva akawasha pikipiki, na barua ikaondoka kuelekea Migato.

Nyuma ya pazia samaki wote sita walikuwa wamelala mchangani, kimya kama vijiti, kama walivyolala juma zima.