Kalamu Ndani ya Ngoma

Chama cha watumishi wa bendi ya chuo kilikuwa kimebakiwa na mtu mmoja, Tusekile, naye alikuwa anahitimu. Alifungua ngoma kubwa ili aiwambe ngozi mpya. Ndani, kwenye mbao, yalijaa majina ya wote waliowahi kubeba na kung'arisha vyombo wasivyovipiga. Kila anayeondoka huandika lake, kisha humkabidhi kalamu anayebaki.

Aliandika lake. Akageuka na kalamu mkononi. Hapakuwa na mtu.

Siku ya mahafali, mpiga ngoma wa mwaka wa kwanza alipopiga pigo la kwanza, kitu kikagongagonga ndani.

"Dada Tuse, umesahau kitu humu."

"Sikusahau," alijibu. "Atakayekerwa nacho ataifungua."

Kijana akasimamisha kirungu hewani, akatega sikio.