Kasuku Afunga Mdomo

Kasuku, msemaji asiyechoka, alijitolea kuwalisha makinda yatima. Chakula kilipokwisha, aliwatangazia wanyama wote: "Kesho nitanyamaza kutwa. Nikiweza, kila mmoja wenu awachangie makinda."

Kulipokucha, hata jua halijapanda, Nyani, bahili ambaye hakuwahi kumpa mtu hata ganda la ndizi, alileta mkungu mzima. Sungura naye akaleta karanga. Kasuku alishangaa. Huruma yote hii imetoka wapi? Jua lilipozama, akafungua mdomo ili aulize.

Nyani akaja mbio na mkungu mwingine. "Usijisumbue, ndugu yangu! Endelea hivyo hivyo hata kesho."

Kasuku akaelewa. Tangu siku hiyo, chakula cha makinda kikipungua, yeye hupanda juu ya tawi na kujikohoza tu.