Kamera Mbili za Kaka

Tangazo kwa umma: mpiga picha mahiri kuliko wote waliowahi kushika kamera alikuwa kazini. Umma wenyewe ulikuwa muuza kamera mmoja na paka wake, na huyo mahiri alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya duka, akiipiga picha feni ya dari.

"Ungeniambia mapema," muuza kamera alisema kutoka nyuma ya kaunta, "ningeivalisha nguo nzuri hiyo feni."

"Nataka mapanga yake yaonekane yamesimama," alijibu Kaka. Tumwite Kaka, maana ndilo jina analoliitikia haraka zaidi.

"Kwani wewe unapiga nini? Ndege?"

"Mbio. Mita mia nne."

Muuza kamera akamshushia bodi nyingine, yaani kamera tupu isiyo na lenzi, pamoja na lenzi ndefu, nene kama mtungi. "Hii inakunywa mwanga. Picha zinatoka mfululizo kama mvua ya mawe, na ikishamshika mtu haimwachii."

Kaka akaijaribu. Kwenye picha za kwanza, zile za mwendo wa taratibu, palikuwa na ukungu mwembamba kando ya feni, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kila alipoongeza kasi ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, ukungu ulififia, hadi ukatoweka.

"Hata lenzi yangu ya zamani ina ukungu huu," alisema. "Tangu mwaka jana. Nikipiga nyumbani upo, nikipiga njiani upo."

Muuza kamera alikigeuza kioo kwenye mwanga. "Hiki ni kisafi, baba."

"Basi dawa yake ni kasi." Alilisema kwa raha ya mtu aliyemfungia mlango mgeni asiyemtaka, jambo ambalo, kusema kweli, si la kiungwana. "Nifungie na bodi ya pili."

"Ya pili ya nini?"

"Nisibadilishe lenzi tena."

Muuza kamera alifungua kinywa kutania, akamtazama usoni, akachukua boksi la pili.

Mwaka jana, kwenye uwanja wa shule ya bweni, mdogo wake Kaka alikuwa akiongoza mita mia nne. Kaka alimpiga kwa lenzi ndefu hadi kona ya mwisho, kisha akainama achomoe hiyo, aweke fupi ya kumpokelea mstarini. Akasikia uwanja mzima ukilipuka kwa vifijo. Alipoinua kichwa, dogo alikuwa ameshavuka. Akatembea kidogo, akaketi kwenye nyasi kama mtu anayefunga kamba za viatu. Hakuinuka tena. Moyo, alisema daktari.

Sebuleni kwa Mama, ukuta mmoja umejaa picha za marehemu, na zote zimeharibika. Moja ni ulimi. Nyingine ni kisogo. Iliyo kubwa kuliko zote, yenye fremu ya dhahabu, ni kiwiko. Dogo alikuwa na tabia ya kuchomoka kila akielekezewa kamera, na kabla ya kuchomoka lazima ambandike Kaka kitu mgongoni: ganda la peremende, lebo ya shati, siku moja karatasi iliyoandikwa NAUZWA. Kaka alizunguka nayo mjini hadi jioni.

Mama hajamlaumu mtu. Huuliza tu, akipangusa vioo, "Hata moja aliyotulia hakuna, mwanangu?"

Na kila akiuliza, Kaka hutoka nje. Alikuwa amejiapiza: akiukosa mstari tena, anaziuza kamera zote na kutafuta kazi nyingine.

Siku ya mbio za mwaka huu wingu lilikuwa zito. Kamera ya lenzi ndefu aliibeba mkononi. Ile ya lenzi fupi aliiweka kwenye stendi fupi nyuma ya mstari wa mwisho, aipige kwa rimoti. Akalizungusha gurudumu la kasi hadi juu kabisa, akalifunga kwa utepe mweusi lisisogee, akalitikisa kuhakikisha. Kisha akaenda zake konani. Hakuna aliyeisogelea kamera ile. Hakuna aliyeonekana akiisogelea, tuseme hivyo.

Bunduki ikalia. Picha za kamera ya mkononi zilitoka safi hadi matone ya jasho yalihesabika. Lakini alipoiwasha ile ya mstarini, utepe haukuwapo. Gurudumu lilikuwa limeshuka kwenye mwendo wa konokono, na wakimbiaji wote wamegeuka michirizi ya rangi: hakuna uso, hakuna mshindi. Hakutazama zaidi. Aliizima.

Nyumbani alizitua kamera zote mbili mezani mbele ya Mama.

"Kesho nauza."

"Umekosa tena?"

"Nimekosa, Mama."

Mama akavaa miwani, akaivuta ile ya lenzi fupi, akaiwasha. Kaka aliinama kuvua viatu.

"We, una nini mgongoni?"

"Wapi?"

Mama alinyoosha mkono akakibandua. Kilikuwa kipande cha utepe mweusi.

Kaka akabaki na kiatu mkononi. "Mama, huo nani kaubandika?"

Kidole cha Mama kilikuwa juu ya kioo cha kamera, katikati ya ile michirizi, kikipapasa polepole kama anayefuta vumbi kwenye shavu la mtoto.

"Ametulia," alisema.

Haya, nimekamatwa. Utepe niliubandua mimi, na gurudumu nililishusha mimi. Unisamehe, Kaka, lakini nawe jaribu siku moja kusimama wima mstarini, mikono chini, ulimi ndani, huku wenzako wote wanakupita katikati ya kifua.